Niue kwa siku chache: ndege, maji na Jumapili ndo vinakupangia ratiba

Nikisema nilienda Niue watu wanadhani namaanisha Niger, basi naanza na ramani kabisa. Ukitoka Auckland, New Zealand, ndege inakata bahari tupu masaa matatu na nusu hivi, kama kilomita 2,400, halafu linatokea jiwe moja kubwa lenye miti juu yake na hakuna kisiwa kingine hata cha kusingizia. Tonga iko magharibi, Samoa kaskazini, Visiwa vya Cook mashariki, katikati hapo ndo Niue. Kilomita za mraba 260 hivi, watu 1,700 hivi, kuna shule za kwetu Tanga zina wanafunzi zaidi ya hao. Na ni nchi kweli jamani, ina bunge lake na waziri mkuu wake, inajitawala tangu 1974 kwa makubaliano na New Zealand, na watu wake wana uraia wa New Zealand. Halafu hiyo ya Niger si mbali sana na ukweli, ukichimba shimo Niue likanyooka mpaka upande wa pili wa dunia unatokezea jangwani huko kaskazini mwa Niger, nililipima kwenye ramani usiku mmoja zamu ikiwa imepoa.

Zamu ni za kazini, nafanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Auckland. Kuna mama mmoja Mniue pale tunamwita Anti, kila baridi ikianza anatucheka, nyie mnateseka na hii mvua bure, nyumbani saa hizi nyangumi wanapita unawaona ukiwa barabarani. Mimi na mwenzangu wa Mombasa tukaanza kama utani, tukachanga, mwisho wa siku tukakata tiketi. Naandika hivi kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa kwetu aliyeshaenda nikakosa, na maswali yetu sisi si yale ya mzungu, yeye haanzi na viza.

Viza sasa, hapa soma taratibu. Niue wenyewe hawana shida, mgeni yeyote wa matembezi anapewa siku 30 palepale uwanjani bila kuomba chochote kabla, uwe Mtanzania, Mkenya, Mkongo, sawa tu, mradi una tiketi ya kurudi, una pa kulala na una hela ya kujikimu. Ukisoma hivyo unaruka kwa furaha, kumbe mlango wenyewe uko New Zealand, maana ndege ya abiria inatoka Auckland na kurudi Auckland, njia nyingine labda uwe na mashua yako ya tanga. Na paspoti zetu New Zealand wanazitaka viza. Kama unatokea Dar au Nairobi usidanganyike na viza ya kupita, ile inakuweka ndani ya uwanja yasizidi masaa 24, na ndege ya Niue wakati wetu ilikuwa mara mbili tu kwa wiki, utalala wapi hapo katikati? Unahitaji viza ya matembezi kamili na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu utaingia New Zealand, utatoka kwenda kisiwani, utaingia tena. Ukipitia Australia na wao wana ya kwao ya kupita, ulizia mapema kabla hujalipa nauli. Nyie mlioko huku tayari kwa kazi au masomo, fungua ile barua ya viza usome mistari miwili, kuingia ni mara ngapi na mwisho wake lini. Ya mwenzangu ilikuwa inakaribia kwisha, ikabidi tusubiri mpya itoke ndo tukalipia, na wakati tunasubiri nauli ikapanda. Roho iliuma lakini afadhali hivyo kuliko kukwama kwenye kisiwa cha watu 1,700.

Nauli ilinigonga karibu dola 1,000 za New Zealand kwenda na kurudi. Ndo gharama kubwa kuliko zote na huna pa kubembelezea, shirika ni moja. Lakini hela siyo iliyotusumbua kichwa, kilichotusumbua ni kalenda. Kisiwa kiko upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa kwenye ramani tu ambao ukiuvuka siku inabadilika, kwahiyo unaondoka Auckland Jumamosi asubuhi unashuka Niue Ijumaa mchana. Ijumaa ya jana yake, ile uliyoshaila tayari. Sasa ukilipia chumba kuanzia Jumamosi kwa kuwa tiketi imeandikwa Jumamosi, usiku wa Ijumaa huna pa kulala, na wakati wa nyangumi vyumba vinajaa. Mwenye nyumba wetu alituandikia mwenyewe kutukumbusha, naona ameshawazoea wageni. Kurudi ni kinyume chake, unapaa Ijumaa unatua Jumamosi, siku moja imeyeyuka hewani, na bosi wako hajui habari za mstari wa tarehe, anajua tu zamu yako ni ya lini. Chora siku zote kwenye karatasi, mstari mmoja wa kule na mmoja wa huku, ndo uombe likizo.

Halafu tazama Jumapili imeangukia wapi. Ukifika Ijumaa mchana ukarudi na ndege ya mwanzoni mwa wiki, ndani yake umebaki na Jumamosi tu ya kutembea, Jumapili kisiwa kimefungwa. Maduka yamefungwa, kwenda baharini kwa mashua marufuku, kuvua marufuku. Mimi kwa maoni yangu safari ya namna hiyo ni kuchoma nauli. Tukachukua ndege ya wiki inayofuata na sikujuta, japo siku za kuomba kazini zilinibana.

Vingine vya kupanga kabla nivipitie haraka. Noti beba, mimi sikukuta ATM, na kadi inakubalika sehemu kadhaa lakini mama anayeuza mapapai sokoni hana mashine. Bima ya safari chukua, tena isome uone kama inalipia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege, kwa sababu hospitali ipo, nzuri, ilijengwa upya baada ya kimbunga Heta cha Januari 2004 kubomoa ile ya zamani, ila jambo likiwa kubwa unapelekwa New Zealand. Vimbunga msimu wake ni Novemba mpaka Aprili. Asali usibebe hata kijiko, nyuki wao wako salama na magonjwa na wanawalinda kwelikweli. Na viatu, nitarudi kwenye viatu.

Tulipotua joto lilinipiga usoni nikasikia kama nimeshuka kwetu, na harufu ya majani mabichi, mwenzangu akaanza kucheka peke yake. Uwanjani nusu ya kisiwa kilikuwa kimekuja kupokea watu au kuangalia nani kaja. Gari la kukodi tulilikuta na funguo, ila kwanza unatakiwa upate leseni ya Niue kituo cha polisi Alofi, ndo mji mkuu, unalipa dola 20 na kitu unapewa kadi yenye picha yako, ninayo mpaka leo na kila nikiitoa watu wanadhani ya kuchezea. Gari chukua, usafiri wa umma wa kutegemea hamna, na barabara ya kuzunguka kisiwa ni kilomita 60 na ushei. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Kila mnayepishana naye anapunga mkono, kila mmoja, mtoto, polisi, mzee kwenye pikapu, siku ya pili mkono wako unapunga wenyewe kabla hujafikiri.

Kwenye hiyo barabara ndo kuna kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho. Nyumba tupu. Unapita kijiji unakuta nyumba ya matofali nzima, paa limeingia ndani, mpapai umeota sebuleni, halafu inayofuata hivyohivyo. Waniue walioko New Zealand ni zaidi ya 30,000, kisiwani wamebaki hao nilioshasema, wengine waliondoka kutafuta kazi, wengine Heta iliwabebea kila kitu. Na makaburi yako mbele ya nyumba na kando ya barabara, meupe, yana maua ya plastiki, yaani nyumba haina mtu lakini kaburi limepakwa rangi. Anti alikuwa ametupa boksi la vitu vya dada yake na maua ya kuweka kwa mama yao. Dada mtu akatupeleka, akafagia kwanza majani, akatuuliza sisi kwetu tunazika wapi. Mwenzangu akamweleza, mimi sikuweza kuongea vizuri, baba yangu amezikwa Tanga nikiwa huku na kaburi sijaliona bado. Kama unaenda na unamfahamu Mniue yeyote, muulize kama ana mzigo wa kupeleka, uzito ukikubali. Boksi lile lilitufungulia milango kuliko kitabu chochote cha watalii.

Maji sasa. Watu wa pwani mtanielewa haraka, wa bara nisikilizeni vizuri. Niue siyo visiwa vya kwenye kalenda vya mchanga mweupe na minazi imeinama, hamna ufuo wa maana wa kutandika kanga. Ni tumbawe lililonyanyuka kutoka baharini, kuta zake zinafika mita 20 na kitu, na baharini unashuka kwa vijia na ngazi zilizokatwa kwenye jiwe. Chini kuna madimbwi ya maji ya chumvi kama Limu na mapango kama Avaiki, wenyewe wanasema ndipo mtumbwi wa kwanza ulipofikia, na maji hayo sijawahi kuona pengine popote. Hakuna mto hata mmoja kisiwa kizima wa kuleta matope, mvua inazama kwenye jiwe, kwahiyo ukivaa miwani ya kuzamia unaona mbali mpaka unapata kizunguzungu, samaki anaonekana ananing'inia hewani.

Lakini yote hayo yanafunguka maji yakipwa. Maji yakijaa Avaiki wimbi linaingia mpaka ndani na huna pa kusimama. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuuliza ratiba ya kupwa na kujaa, unaipata ofisi ya utalii pale Alofi, na tukapanga siku nzima kwa hiyo, kupwa asubuhi tunaenda mapangoni, kujaa mchana tunaenda msituni au tunalala. Siku ya kwanza tulienda Limu maji yamejaa, tukakaa tu juu tunaangalia povu, nikamwambia mwenzangu sisi watoto wa pwani tunaaibishana. Uliza pia kama ni bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Na upande wa mashariki usiogelee kabisa, ule upepo na yale mawimbi hayana utani, kule unaenda kuangalia.

Huko mashariki kuna Togo. Unatembea msituni kidogo halafu unatokea kwenye uwanja wa matumbawe yaliyochongoka, meusi, marefu kuliko mtu, kijia kinapita katikati mpaka kwenye ngazi ndefu imesimama wima karibu, unashuka shimoni unakuta mchanga na minazi humo chini kumezungukwa na kuta. Mwenzangu alivaa ndala. Jiwe lile ni kisu, aliteleza mara moja tu likampasua unyayo na safari yake ya siku mbili zilizofuata ikawa ya kukaa varandani na kuangalia bahari kwa mbali, hospitali walimwosha vizuri wakamfunga, kidonda cha tumbawe usikidharau kinaoza haraka. Kwahiyo viatu, raba zenye soli ngumu za msituni, na yeboyebo au viatu vya maji vya kuingilia baharini. Matapa na matao ya Talava huko kaskazini njia zake ni rahisi zaidi ila napo si pa ndala. Matapa ni ufa mrefu wenye maji yaliyotulia, maji baridi ya mvua yanakaa juu na ya chumvi yenye joto yako chini, ukijitosa unasikia miguu iko nchi nyingine.

Nyoka. Najua wengi mtauliza. Wapo, wa baharini, wana michirizi, wanaitwa katuali, wanapatikana huko tu, sumu yao kali lakini mdomo mdogo na hawana habari na wewe. Mmoja alipanda kuvuta pumzi karibu na bega langu. Nilitoka kwenye maji nikakaa juu ya jiwe mpaka moyo ukatulia, nikarudi, sikumshika na wewe usimshike.

Nyangumi wanafika Julai mpaka Oktoba, wale wenye nundu, ndugu zao ndo hao wanaopita pwani yetu miezi karibu ileile, Watamu na Zanzibar watu wanawaona. Kuogelea nao unaenda na wenye leseni tu, huruhusiwi kujirushia mwenyewe, na nafasi ni chache kwahiyo lipia kabla hujapata hata tiketi kama inawezekana, na uwaombe siku ya mwanzo ya safari yako siyo ya mwisho. Sababu ni kwamba bahari ikichafuka wanaahirisha, na Alofi hakuna bandari ya kujificha, mashua inanyanyuliwa na winchi kutoka gatini inashushwa majini kila asubuhi, wimbi likiwa kubwa winchi haifanyi kazi na biashara imekwisha. Yetu iliahirishwa mara ya kwanza. Ingekuwa tumeiweka siku ya mwisho tungerudi na picha za winchi.

Mimi nimezaliwa karibu na bahari lakini kuogelea kwangu ni kwa kutambaa na ukuta wa gati, kwenye kina kirefu sijawahi. Niliwaambia mapema, wakanivalisha boya na nahodha akaniwekea kijana wa kuwa karibu yangu. Mambo haya yasikutie aibu, semeni. Mara ya kwanza alipita mama na ndama wake mdogo, tukaambiwa tubaki kwenye mashua. Baadaye tukashushwa, tukatulia kimya juu ya maji, sikuona chochote chini ila bluu, nikaanza kuona hela yangu imekwenda, halafu kifua kikaanza kutetemeka. Dume alikuwa anaimba mahali fulani chini yetu. Sauti haiji masikioni, inaingia mbavuni. Sikumwona hata mkia na mpaka leo nikisimulia watu wanasikitika kwamba sikumwona, mimi sisikitiki.

Jumapili yenyewe usiiogope ukishaipanga. Ukristo uliletwa 1846 na Mniue mwenyewe, Peniamina, alikuwa amefundishwa Samoa, ndo maana kanisa wanalishika kama la kwao siyo la kuletewa. Wanaimba mpaka ukuta unaitika, wanawake na kofia za kusuka, mgeni unakaribishwa, funika mabega na magoti. Mwenzangu ni Mwislamu, msikiti hatukuuona, aliswali chumbani. Kwa chakula alikuwa na wasiwasi wa nguruwe, na kweli wanampenda sana, ila ukisema mapema hawachukii, samaki wapo, na kuna kitu kinaitwa takihi, majimbi yamekatwa vipande vyembamba yakapangwa na mapapai, yakamwagiwa tui la nazi yakaokwa ndani ya majani. Tulikula tukanyamaza wote wawili. Yule kaa wa nazi anayepatikana kisiwa cha Chumbe kule Zanzibar, ambaye kwetu analindwa, huku wanamla, wanamwita uga. Nilionja kidogo, mtamu, lakini anakua polepole sana na wenyewe wanalalamika wanapungua, sikuagiza tena.

Soko la Alofi linaanza alfajiri kabisa siku chache za wiki, ukifika saa mbili asubuhi umekuta meza tupu. Dukani bei ni za meli, vitu vinakuja kwa kontena kutoka Auckland, meli ikichelewa mayai na vitunguu hamna na hakuna wa kumlaumu. Sisi tulibeba mchele, viungo na majani ya chai, ikatusaidia, jioni tunapika pilau ya samaki varandani huku mguu wa mwenzangu uko juu ya kiti. Usiku pale taa ni chache sana, 2020 nchi nzima ilitambuliwa kimataifa kwa kulinda giza lake, na nyota zilivyokuwa nyingi hata mbwa wa jirani alikuwa ametulia.

Kwa jumla, nauli, chumba, gari, mashua na chakula, nilitumia kama dola 2,800 mimi peke yangu, na gari na chumba tuligawana. Ukienda peke yako ongeza.

Kurudi, Auckland wana ile fomu ya mimea na vyakula, kila kitu cha majani, mbegu, ganda, chakula, viatu vyenye udongo, vyote vinaandikwa, usipoandika faini ni dola 400 hapohapo. Dada yake Anti alitupa kapu la kusuka na mafungu mawili ya takihi ya kumpelekea. Tuliandika vyote. Afisa alilikagua kapu akaliachia, raba zangu akazipeleka kuoshwa zikarudi safi kuliko zilivyotoka dukani, takihi akauliza imepikwa lini na nini kiko ndani, akafungua moja akainusa, akatuambia kwake wanaweka tui zaidi ya hapo, akatupitisha.